Kurudi kupanda farasi ukiwa mtu mzima: anza hivi

Wadau habari zenu. Hii ni ya wale walipanda wakiwa watoto, wakaacha juu ya shule, kazi na familia, na sasa wakiona watu wamepita Karen, Nairobi, juu ya farasi roho inawadunda. Shida yenu sio kutojua. Kichwa kinakumbuka kila kitu ila mapaja na nyonga zilishasahau, kwa hivyo anza chini kuliko unavyodhani.

1. Ukipiga simu usiseme tu "najua kupanda". Sema uliacha lini, ulifika wapi (troti, yaani mwendo wa kudunda; kanta, yaani mbio za polepole; au kuruka), uzito wako wa leo, na kama mgongo unasumbua. Omba farasi mtulivu na somo la kamba, yaani mwalimu anasimama katikati na kamba ndefu, farasi anamzunguka, wewe huongozi, kazi yako ni kukaa tu.

Uliza pia farasi ametoka wapi. Wengi wa Karen na Lang'ata walikuwa wa mbio pale uwanja wa Ngong kabla ya kustaafu, na farasi wa mbio amezoea kwamba ukikaza hatamu anaegemea hapo na kuongeza mwendo. Sasa wewe ukishtuka kitu cha kwanza unavuta na kubana miguu, yeye anasikia twende! Aliyefunzwa upya hana neno, lakini jua hivi: kupunguza mwendo unavuta kidogo unaachia, unavuta unaachia, umekaa wima na unatoa pumzi.

2. Viatu viwe na kisigino cha sentimita 2 au 3 hivi, soli isiwe na meno makubwa. Raba hapana, mguu unapenya kwa kikuku (chuma cha kukanyagia) na ukianguka unaburutwa. Gambuti pana nazo zinakwama.

3. Kaza mshipi wa tandiko unaopita chini ya tumbo la farasi, mtembeze kidogo, kaza tena, maana wengine hujaza tumbo wakifungwa halafu tandiko linalegea ukiwa juu. Saisi (mtunza farasi) amekaza? Angalia mwenyewe bado. Urefu wa kikuku: vidole kwenye chuma kinakoshikia mkanda, kikuku kifike kwapani, utarekebisha ukishapanda.

4. Pandia kwenye ngazi au jiwe, upande wa kushoto. Sio uzee, inaokoa mgongo wa farasi.

5. Tembea kwanza, hata nusu saa, bila vikuku kama mwalimu amekubali. Troti ikija angalia bega la farasi la upande wa nje, likienda mbele inuka, likirudi kaa. Ukianza kushikilia hatamu ndio usianguke, rudi kutembea. Kanta ingoje.

MASWALI

mamawawili: Nina kilo 85, nitamuumiza?
Jibu: Wengi hutumia kipimo cha asilimia 20 ya uzito wa farasi, ukihesabu na tandiko. Farasi wa kilo 500 anabeba 100 hivi, kwa hivyo uko sawa, ila poni hapana. Waambie kilo za kweli tafadhali, sio za harusi.

Kijana_wa_Rongai: Naweza kuja na helmeti ya boda?
Jibu: Hapana. Ni nzito kwa shingo na inaziba masikio, na kusikia unahitaji. Shule nyingi wanaazima za farasi, kagua kama ina ufa. Ikishagonga chini na kichwa ndani, imeisha kazi, hata kama kwa macho ni mpya.

tulia_tu: Niliangushwa nikiwa mdogo, nikikaribia tu natetemeka.
Jibu: Siku ya kwanza usipande. Lipia saa ya kumpiga brashi, kumsafisha kwato na kumtembeza na kamba pamoja na saisi. Ukae pembeni ya bega lake, sio nyuma.

mamawawili: Na mara moja kwa wiki inatosha?
Jibu: Utafika, polepole. Mara mbili ni bora kama mfuko unaruhusu. Katikati ya wiki simama kwenye ngazi ya nyumbani na vidole tu, shusha visigino, na fanya skwoti. Kesho yake mapaja ya ndani yatauma, hiyo ni kawaida, lakini maumivu makali ya mgongo yanayoshuka mguuni onana na daktari kabla ya kupanda tena.