Namna ya kusoma lebo ya mvinyo mwekundu wa Bourgogne

Mnunuzi aliyezoea mvinyo wa Bordeaux, Ufaransa, hutafuta kwanza jina la château, yaani la mtengenezaji mwenye shamba lake, kwa kuwa orodha maarufu ya mwaka 1855 iliyapa madaraja majina hayo. Akifika Bourgogne, jimbo jingine la Ufaransa, na mazoea hayo atapotea, maana huko daraja hupewa kipande cha ardhi, wala si mwenye kukimiliki. Usihangaike pia kutafuta aina ya zabibu: mvinyo mwekundu wa Côte d'Or, mteremko maarufu wa mizabibu wa Bourgogne, karibu wote hutokana na Pinot Noir, na tangu mwaka 1395 Mtawala wa Bourgogne, Philippe le Hardi, alikwisha kuamuru mizabibu ya Gamay, aina nyingine ya zabibu, ing'olewe.

Anza, basi, kwa kutafuta jina la mahali. Lebo ikisema "Bourgogne" tu, zabibu zaweza kuwa zimetoka popote katika jimbo hilo. Ikitaja kijiji, kama vile Volnay au Pommard, umepanda ngazi moja. Ikiongeza maneno "Premier Cru", kwa kawaida pamoja na jina la shamba, umepanda nyingine. Juu kabisa ni Grand Cru, ambayo hujitosheleza kwa jina la shamba bila kutaja kijiji.

Hapa ndipo wengi hunaswa. Mwaka 1847 kijiji cha Gevrey kilijiongezea jina la shamba lake bora, Chambertin, nacho kikawa Gevrey-Chambertin. Vijiji jirani vikafuata mtindo huo. Kwa hiyo "Chambertin" peke yake ni Grand Cru, "Charmes-Chambertin" vilevile, lakini "Gevrey-Chambertin" ni mvinyo wa kijiji, hata kama herufi zake zimepakwa dhahabu.

Ili kuelewa sababu ya tofauti hizo, fikiria mteremko mrefu unaotazama mashariki na kupokea jua la asubuhi. Kileleni udongo ni haba na mwamba wa chokaa uko karibu. Chini bondeni udongo ni mzito, hutuamisha maji, na hewa yenye jalidi hukusanyika huko. Katikati, chokaa na mfinyanzi vimechanganyika kwa kiasi, maji hupita bila kukauka mno, na zabibu huiva vizuri. Mashamba mengi ya Grand Cru yako kwenye ukanda huo wa kati.

Hata hivyo, usiiamini ngazi hiyo kwa upofu. Clos de Vougeot, shamba la takriban hekta 50 lililozungushiwa ukuta na watawa wa monasteri ya Cîteaux, lote ni Grand Cru, kuanzia sehemu ya juu isiyotuamisha maji hadi ile ya chini iliyo karibu na barabara kuu. Liliuzwa vipande vipande kuanzia mwaka 1889, na leo lina wamiliki wapatao 80. Kwa chupa ya namna hiyo jina la mtengenezaji lina uzito mkubwa, nami ningependelea mvinyo wa kijiji wa mkulima makini kuliko Clos de Vougeot ya mtu asiyejali. Maneno "mis en bouteille au domaine" hukuhakikishia kwamba mvinyo ulitiwa chupani palepale shambani.

Mwaka wa mavuno nao utazamwe: joto kali la 2003 liliziivisha zabibu kupita kiasi, ilhali jalidi ya Aprili 2021 iliteketeza sehemu kubwa ya mavuno.

Ukitaka kuionja ardhi yenyewe, nunua chupa mbili za mtengenezaji mmoja na za mwaka mmoja, moja ya kijiji na nyingine ya Premier Cru ya kijiji hichohicho. Ziweke kwenye friji kwa muda mfupi hadi zifikie nyuzi 15 hivi, kwa sababu "joto la chumba" linalotajwa vitabuni si la chumba cha Mombasa, kisha mimina glasi mbili sambamba. Onja ya kijiji kwanza, meza, halafu onja ya pili ukipima ni ipi ladha yake inayodumu zaidi kinywani.