Gari haikamati kona? Anza na tairi, springi ziache mwisho (somo kwa wenye Altezza na ndugu zake)

Wakuu habari za saa hizi. Hili somo niliahidi kitambo, leo ndo nimepata nafasi. Ntatumia Toyota Altezza RS200 maana ndo ninayoendesha, ile ya gia sita manyuo, injini 3S-GE, inasukuma kwa nyuma, ila mwenye Impreza au Mark X naye atapata chake humu.

Kilichonikuta kwanza. Gari ilishuka kutoka Japani tairi kashata (yale meno ya mpira yanayogusa lami) zimejaa, nikajiona nimeokota dodo. Siku moja napandisha Lushoto kutoka Mombo, manyunyu tu wala sio mvua, kona ya kulia, mwendo wa kistaarabu kabisa, nikasikia mkia unahama kwenda upande wa bondeni. Jasho lilinitoka na baridi yote ile. Nilivyopaki nikainama na tochi kusoma ubavu wa tairi, imeandikwa STUDLESS. Hizo ni tairi za barafu jamani! Mpira wake laini, kila kipande cha kashata kina vimistari vingi vya kukatwa, kwenye lami yetu isiyo na barafu kashata inalala kwanza ndo ishike. Nami nilikuwa nshaanza kuulizia bei ya springi za kushusha.

Hatua ya 1: soma tairi. Kila tairi inagusa lami kwa eneo la kama kiganja chako, kwahiyo gari nzima imesimama juu ya viganja vinne, hata ufunge shokapu za milioni ngapi, kazi yote inapitia hapo. Mfano 215/45R17: upana milimita 215, ubavu ni asilimia 45 ya huo upana yaani kama milimita 97, rimu inchi 17. Alafu tafuta namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata nzima lakini mpira umekauka kama soli ya kiatu cha shule, hiyo kwenye maji ni sabuni.

Ukiwa na hela ya tairi mbili tu, mpya zifunge nyuma. Najua wengi wanafunga mbele, ila pua ikiteleza unaachia mafuta inarudi, mkia ukiteleza wengi wetu hatuna huo ufundi wa kuurudisha.

Hatua ya 2: upepo. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, maana ukishatembea inapanda psi 3 au 4. Kipimo kiko kwenye stika ya mlangoni, magari ya Japani inaandikwa kPa, 230 ni kama psi 33. Achana na "weka 40 bosi iwe nyepesi".

Hatua ya 3: bushi (mipira ya kwenye maungio ya miguu ya gari) na boljointi (maungio ya duara yanayoruhusu tairi kukunja). Altezza ina mkono (arm) wa juu na wa chini kwenye kila tairi, mbele na nyuma, ndo uzuri wake, ila ndo bushi nyingi pia. Bushi ikifa unakunja usukani, gari inafikiria kwanza ndo inafuata. Sasa kitu mafundi wengi wanaruka: nati za bushi zinakazwa mwisho gari ikiwa imekaa chini kwa uzito wake. Ukikaza ikiwa inaning'inia juu ya jeki, ukiishusha tu ule mpira unajinyonga, unatembea umejinyonga hivyo hivyo, muda si mrefu umechanika afu lawama kwa muuza spea.

Hatua ya 4: shokapu. Angalia uvujaji wa mafuta. Alafu pitisha kiganja kwenye tairi, ukikuta mabonde mabonde ujue tairi ilikuwa inarukaruka, na tairi iliyo hewani haina gripu, yaani haishiki lami.

Hatua ya 5: alaimenti, yaani kunyoosha tairi zitazame sawa. Baada ya vyote hivyo, sio kabla. Pitisha tena kiganja kwa upana wa tairi, kwenda na kurudi: ukienda ikiwa laini na ukirudi inakwaruza kama msumeno, tairi zako hazitazami mbele sawasawa.

MASWALI

Mkuu nimekata springi mzunguko mmoja na nusu, imekaa chini vizuri ila kona yenye bonde inanitupa. Kwanini?
Pole kaka. Shokapu imebakiwa na nafasi fupi ya kushuka, katikati ya kona inafika mwisho inagonga ule mpira wa kuzuia, ghafla pembe hiyo ya gari inakuwa ngumu kama jiwe, tairi inazidiwa inaachia. Rudisha springi nzima.

Nikifunga stablaiza (chuma cha kuzuia gari kulala kwenye kona) nene mbele si itakamata zaidi?
Kulala kutapungua, ila hiyo sio gripu. Kwenye kona uzito unahamia tairi za nje, na tairi ukiiongezea uzito gripu inaongezeka, ila haiongezeki sawa na huo uzito, kwahiyo jozi (ya mbele au ya nyuma) ambayo uzito wake unahamia zaidi kwa tairi ya nje inapoteza gripu. Ukifunga nene mbele pua itakataa kukunja, ukifunga nene nyuma mkia utachomoka. Altezza ya mtaani iache ya kiwandani.

Dada yenu naomba kuuliza, nataka rimu 18, tairi gani isiharibu spidi mita?
215/40R18 dada, kimo chake kinapishana na 215/45R17 kwa milimita 4 hivi. Ila ubavu unabaki milimita 86, mashimo ya kwenu unayajua mwenyewe.

Na zile za barafu ulizipeleka wapi?
Ziko stoo, kuna jamaa wa bajaji kila wiki anaziulizia, nshamwambia haziingii.