Kuvuna maji ya mvua kwa pipa mbili tu, tenki baadae

Wakuu, watu wengi wanakosea hapa: mtu anajikusanya ananunua tenki la lita 2000, hela inaisha, af gata (mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa bati) anafunga kipande cha bati kilichokunjwa, mvua ikija nusu ya maji yanaishia uani. Mi huku Mbagala nilianza na pipa mbili za plastiki za lita 200, kisima cha jirani ni chumvi tupu sabuni haitoi povu, so maji ya mvua kwetu sio mchezo.

Hatua ya 1: hesabu. Mvua ya milimita 1 kwenye mita ya mraba 1 inatoa lita 1, basi. Upande mmoja wa bati langu unafunika mita 4 kwa 6 (pima chini ardhini, usifuate mteremko wa bati), hiyo ni mita za mraba 24, mvua ya milimita 20 inakupa lita 480, toa yanayorukia pembeni unabaki na kama 400. Pipa zote mbili zimejaa kwa mvua moja!

Hatua ya 2: gata. Chukua bomba la PVC la inchi 4, yale ya maji taka, lile la futi 20, lipasue katikati kwa grenda au msumeno wa chuma, unapata gata mbili. Piga mstari kwanza kwa kamba la sivyo utapata nyoka. Funga kwenye fishabodi (ule ubao wa ukingoni mwa paa) kwa skrubu, na kila baada ya nusu mita tia kishikizo cha waya mnene maana likijaa maji linakuwa zito. Mteremko sentimita 1 kila mita 2 inatosha, ukizidisha sana kule mwisho gata linakuwa chini mno na maji ya bati yanaliruka.

Hatua ya 3, na hapa usifanye ubahili: maji ya kwanza yasiingie kwenye pipa. Yale yamebeba vumbi, majani na vinyesi vya kunguru na mijusi. Bomba linaloshuka kutoka kwenye gata weka tii (kiungo cha bomba chenye midomo mitatu, umbo la T), mdomo wa pembeni uende kwenye pipa, wa chini uungie bomba la kusimama la inchi 4 lenye urefu wa mita moja na nusu, mwisho wake ziba kwa kepu (kifuniko cha bomba). Bomba hilo linabeba kama lita 12, machafu yanajaa humo kwanza, likishajaa ndo maji safi yanapita pembeni kwenda kwenye pipa. Kepu itoboe katundu kadogo kwa msumari wa moto ili yadondoke polepole na bomba liwe tupu mvua nyingine ikija, na gundi usiipake kwenye kepu, utahitaji kuifungua utoe matope.

Hatua ya 4: pipa. Uliza lilibeba nini, la dawa za kiwandani achana nalo hata ukipewa bure. Lita 200 ni kilo 200, mi la kwanza nililipanga juu ya tofali kavu kwenye mchanga, usiku likalala upande likaondoka na banda la kuku. Jengea tofali kwa saruji, juu kiasi cha ndoo kuingia chini ya koki. Pipa mbili ziunganishe chini kwa bomba zijae pamoja, juu toboa tundu la maji yanayozidi uyaelekeze mbali na msingi wa nyumba.

Kila mdomo, hata huo wa maji yanayozidi, funika kwa neti ya mbu na uikaze kwa mpira wa tyubu. Mbu wa dengi anapenda maji safi yaliyotulia, na Dar dengi tunaijua, 2019 ilitutesa. Pipa liwe la rangi nzito, jeupe linapitisha mwanga maji yanakuwa kijani.

Kufulia, kudeki na kuoga tumia tu. Ya kunywa chemsha, hata yakionekana meupe kama ya dukani. Na Septemba kabla ya vuli panda ufagie bati, hasa kama una mwembe karibu, majani yake yakiziba gata hakuna tii itakayokusaidia.