Somo: kugema utomvu wa mipaini bila kuumiza mti (soma kwanza, uliza baadaye)

Kila wiki napigiwa simu: "Eti utomvu wa paini unachimbwaje?" Hauchimbwi, unagemwa. Naandika mara moja, simu zipumzike. Mimi nagema Mufindi, kwenye shamba la familia. Kama miti ni ya serikali, kibali kwanza.

1. Chagua miti yenye kipenyo cha sentimita 20 au zaidi, iliyobakiza miaka mitatu hadi mitano kuvunwa mbao. Aina za paini ziitwazo karibea na eliotii hutoa vizuri. Patula, ambayo ndiyo imejaa huku kwetu, hutoa kidogo, usidanganywe.

2. Parua magamba makavu hadi gome liwe laini.

3. Funga mfuko wa nailoni kwa waya, kama sentimita 20 kutoka ardhini.

4. Mkato. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka wangu wa kwanza nilitumia panga, nikidhani nikizama zaidi utomvu utamwagika zaidi. Nikaingia kwenye mbao yenyewe. Miti miwili ilikatikia pale pale penye panga upepo ulipokuja, na mnunuzi wa mbao alipoona makovu kwenye magogo mengine alishusha bei bila hata kunitazama usoni. Mkato sahihi ni wa gome tu: ukanda wa sentimita 2 kwenda juu, upana usiozidi theluthi ya mzunguko wa mti. Ukiona weupe wenye ute, simama. Ukiona vipande vya mbao kwenye kisu, umeshapita. USIZUNGUSHE mti mzima, utakufa. Ukipatia, baada ya muda mfupi utaona matone yanatoka kwenye ukingo wa juu kama jasho la paji la uso.

5. Paka dawa ya kuchochea, mstari mwembamba kwenye ukingo wa juu. Ina asidi ya salfa, ile ya betri ya gari. Nunua iliyokwisha kutengenezwa, vaa glovu na miwani. Jinzi yangu ina matundu ya kutosha kuwa ushahidi.

6. Rudia kila baada ya wiki mbili, juu kidogo ya mkato uliopita. Tumezoea ulanzi, pombe ya mianzi, unakatwa asubuhi na jioni. Paini si mwanzi.

7. Mwaga maji ya mvua, kusanya, funika.

MASWALI

Wa Makete: Mti mmoja unatoa lita ngapi kwa siku?
– Kwa siku? Kilo 2 hadi 4 kwa MWAKA, tena aina nzuri. Juni na Julai baridi ikibana, karibu na sifuri.

Wa Mafinga: Mkuu, panga kali haliwezi kufanya kazi?
– Hatua ya 4.

Wa Njombe: Shikamoo. Huo utomvu unaenda kufanya nini? Watu wananunua tu, hawasemi.
– Marahaba, hili ndilo swali. Unachemshwa kiwandani; mvuke ukipozwa unapata tapentaini, inayotumika kwenye rangi, vanishi na manukato. Kinachobaki, sehemu kubwa zaidi, ni rozini: kipande cha kahawia kinachong'aa na kuvunjika kama kioo. Umemwona fundi redio akichovya chuma cha moto kwenye kitu kabla ya kuunganisha waya? Ndicho. Kinaingia pia kwenye gundi, wino wa kuchapia, sabuni, na karatasi ili wino usisambae.

Wa Njombe: Kwa hiyo ni afadhali kwa mazingira?
– Kwa sehemu. Gundi nyingi hutumia rezini (vitu vinavyonata) zitokanazo na petroli, na utomvu huu unatoka kwenye mti uliosimama. Ila jeraha lenye utomvu hushika moto upesi, kwa hiyo safisha nyasi chini ya miti na lima barabara za moto (njia zisizo na nyasi za kuzuia moto) kabla ya kiangazi. Na tafadhali, utomvu usiwe kisingizio cha kupanda paini kwenye vinyungu. Mabonde yale ni ya maji na mboga.

Wa Iringa mjini: Nina sufuria kubwa na jiko la mkaa, naweza kutoa tapentaini nyumbani?
– Hapana. Mvuke wake hudaka moto ulio karibu hata kwenye joto la nyuzi 35 tu. Una watoto?

Wa Mafinga: Mnunuzi kasema mzigo wangu una maji, kakata kilo. Nimeonewa?
– Ulimwaga maji ya mvua? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini wewe hata hujasifiwa bado.

Wa Kilolo: Mikono inanata siku tatu, sabuni haisaidii.
– Mafuta ya kula kwanza, sugua mpaka utomvu ulainike, ndipo sabuni. Maji ya moto yasitangulie.

Wa Kilolo: Imekubali. Mke wangu anauliza mafuta yake ya alizeti yamekwenda wapi.