Rehani ya Goma ikigeuka njano, pima maji kwanza

Kuna kosa ninalolikuta kwenye nyua nyingi za Goma ambako watu wanaotesha viungo vya majani bila udongo, mizizi ikiwa ndani ya maji yenye mbolea. Majani machanga ya rehani yanapauka, mishipa inabaki kijani, na mwenye mmea anaongeza mbolea. Siku chache baadaye ncha zinaungua. Anaongeza tena! Mama mmoja aliniita wakati beseni zima lilikuwa limekwisha kuungua. Nilimwambia, "Mama, mmea wako hauna njaa ya mbolea. Umekosa chuma, na maji yako ndiyo yaliyokifunga."

Maji ya Ziwa Kivu, yawe ya bidoni kutoka ufukwe wa Kituku au ya bomba, ambalo nalo huvuta ziwani, si maji matupu. Juu ya ziwa pH, yaani kipimo cha uchachu (namba ikishuka uchachu unazidi), ni karibu 9. EC, yaani kipimo cha chumvi zilizoyeyuka, ni karibu milisimensi 1.2 kwa sentimita, kabla hujatia hata chembe ya mbolea. Rehani inataka EC ya 1.0 hadi 1.6 na pH ya 5.5 hadi 6.5. Basi nafasi karibu yote imekwisha kujazwa na sodiamu, magnesi na baikaboneti, na katika pH ya 9 mizizi haiwezi kunyonya chuma hata kikiwamo.

Mvua tunayo, tuitumie. Acha manyunyu ya kwanza yaoshe mabati, kwa sababu moshi wa volkano ya Nyiragongo huyatia maji ya mvua uchachu, kisha kinga. Bidoni tatu za mvua kwa moja ya ziwa zinakuachia EC ya karibu 0.3, na baikaboneti kidogo ya ziwani inatuliza ule uchachu. Hapo ndipo utie mbolea hadi EC ifike 1.2 au 1.4, halafu upime pH. Ikibaki juu, asidi ya fosforiki kwa matone inadumu kuliko ndimu, ambayo nguvu yake huisha upesi. Vaa glavu.

Mbolea ya kalsiamu naitreti usiikoroge pamoja na zile za salfati au fosfati zikiwa bado nzito, yaani kabla ya kutiwa kwenye maji mengi. Zinagandana na kuwa unga mweupe chini ya ndoo, na huo ni chakula ulichokinunua ambacho mmea hautakionja. Yeyusha moja ndani ya tanki lililojaa maji, koroga vizuri, ndipo ulete nyingine.

Taimu na kotimiri hula kidogo kama rehani. Nanaa na seleri zinavumilia EC ya 2.0 na zaidi kidogo, kwa hiyo zipe beseni lao.

Wengi wanadhani mbolea nyingi inaleta majani mengi. Mwaka 2018 watafiti Walters na Currey wa Iowa State University, Marekani, walichapisha jaribio la rehani za aina kadhaa kwenye EC kuanzia 0.5 hadi 4.0. Kilichokuza mimea kilikuwa mwanga, wala si kuongezeka kwa mbolea. Kabla ya kununua mfuko mwingine, sogeza beseni litoke chini ya kivuli cha ukuta. Na naitrojeni ikizidi, majani huwa makubwa na laini lakini harufu inapungua, ilhali mteja wa rehani ananunua harufu. Mimi ningechagua mmea mdogo kidogo unaonukia mkono mzima ukiugusa.

Jua likiwaka mmea hunywa maji haraka kuliko chumvi, kwa hiyo EC ndani ya tanki hupanda yenyewe. Jioni pima. Ikiwa imepanda, jazia maji ya mvua matupu. Ikiwa imeshuka, jazia mchanganyiko wenye mbolea. Kila baada ya wiki mbili badilisha maji yote, na yale ya zamani mwagia migomba au lengalenga, maana bado yana chakula ndani yake.