SOMO: Namna ya kuzungusha riwaya moja ya taharuki ya nyumbani bila kutoboana siri

Naandika hapa mara moja ili inboksi yangu ipumue. Swali ni lilelile: "Tuko watu kadhaa, kitabu ni kimoja, tunakipitishaje na bado tukijadili?" Jibu lote ni hili. Ukiniuliza kilichomo humu nitakutajia namba ya hatua, basi.

Tuelewane kwanza tunazungumzia riwaya gani. Hatari humu haitoki porini wala kwa genge la majambazi. Imo ndani ya nyumba: mume, mke, mama mkwe, dada wa kazi, jirani aliyeachiwa ufunguo wa akiba. Mpelelezi anayewaketisha watu sebuleni na kuwaeleza kila kitu mara nyingi hayupo, kwa hiyo upelelezi ni kazi yako wewe msomaji, na unachopewa ni sauti ya mtu ambaye huenda anadanganya, amesahau, au yeye mwenyewe anadanganywa. Siri ikivuja, nusu ya raha imekwenda.

Hatua ya 1. Pateni nakala moja ya karatasi. Mkizidi sita, tafuteni ya pili.

Hatua ya 2. Pangeni zamu. Siku kumi kwa kila mtu zinatosha kwa kitabu cha kurasa mia tatu na kitu. Wengi humtanguliza anayesoma haraka, kisha anakaa na siri miezi miwili ikimwasha ulimi. Atangulie mtu msiri, hata kama anasoma polepole. Mwenye mdomo mwepesi awe wa mwisho.

Hatua ya 3. Funikeni jalada lote kwa karatasi ya kaki, hasa upande wa nyuma. Wachapishaji hupenda kuandika pale kwamba mwisho utakushangaza. Ukishaambiwa hivyo, unaanza kumshuku kila mhusika mpole tangu sura ya kwanza.

Hatua ya 4. Usiache alama yoyote ndani ya kitabu. Hapa ndipo mizunguko mingi inapofia, na wetu wa kwanza ulifia hapahapa. Mmoja wetu alipiga mstari wa penseli, mwembamba kabisa, chini ya sentensi isiyo na maana yoyote ukiisoma haraka: mhusika anafunga dirisha la jikoni kabla ya kwenda kulala. Hakuandika neno pembeni. Lakini kila aliyempokea kitabu alisimama pale akajiuliza, kwa nini dirisha? Walipofika katikati wote walikuwa wameshajua. Riwaya hizi huficha kidokezo kwa kukifanya kionekane cha kawaida, na ukikipigia mstari umekivua nguo. Kufuta hakusaidii sana, maana penseli huacha mfereji kwenye karatasi na taa ya pembeni inauonyesha.

Kuna alama nyingine ambazo watu hawazihesabu. Pembe iliyokunjwa ni alama. Risiti iliyosahaulika kati ya kurasa ni alama. Mbaya zaidi ni mgongo wa kitabu: kila msomaji akishtuka hurudi nyuma kusoma upya ukurasa uleule, anaukandamiza, na baada ya wasomaji watatu ukikiweka kitabu mezani kinajifungua chenyewe palepale penye siri. Kwa hiyo kabla ya kukipitisha, kifungue taratibu sehemu nyingi tofauti ili mgongo ulegee sawasawa. USIPIGE MSTARI. USIKUNJE. USIPIGE PICHA YA UKURASA ukaituma "kwa aliyekwisha soma tu", maana utakosea namba.

Hatua ya 5. Andika maoni yako kwenye karatasi mara tatu: ukimaliza robo, ukifika nusu, na kabla ya sura mbili za mwisho. Kila mara jibu mambo matatu: namwamini nani, namshuku nani, kitu gani kidogo kinanikera. Tia kwenye bahasha, ifunge, andika juu jina lako na ukurasa uliofikia. Bila bahasha, siku ya kikao kila mtu atadai alijua tangu mwanzo.

Hatua ya 6. Pitisha kitabu, nyamaza. "Ukifika mia mbili utaniambia" nayo ni kutoboa, umeshampa mwenzio namba.

Hatua ya 7. Wa mwisho akimaliza, kaeni, fungueni bahasha kwa kufuata kurasa. Msianze na "umekipenda?" maana mtaishia ndiyo na hapana. Anzeni na "ulianza kumshuku nani, na kwa neno gani?" Kisha mpimeni mwandishi. Kidokezo kilikuwa mbele ya macho yetu au alikificha kabisa? Na je, mhusika huyu angetenda hivyo hata kama mwandishi hakuhitaji kutushtua? Vitabu vingi vinafaulu swali la kwanza na kuanguka la pili.

MASWALI YA WANACHAMA

Popo Mweusi: Mkuu shukrani kwa somo. Naomba unirushie pdf ya hicho cha dirisha.

Jibu: Hapana.

Popo Mweusi: Mbona mkali? Si umesema kupitisha kitabu? Kupitisha ni kupitisha tu.

Jibu: Nakala ya karatasi ikitoka kwangu nabaki mikono mitupu. Pdf ikitoka kwangu tunakuwa nazo mbili, na ya pili hakuna aliyeniruhusu kuitengeneza. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unailinda kazi ya mwandishi angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na huyu yuko hai.

Mama Wawili: Mimi bila kusoma ukurasa wa mwisho kwanza siwezi kuanza kitabu, roho haitulii. Nina nafasi kwenye mzunguko au nikae pembeni?

Jibu: Dada, unahitajika sana. Anayejua mwisho anaona kazi ambayo sisi hatuioni: mwandishi amegeuza uso wetu wapi, ameruka saa ngapi za usiku ule, amemfanya nani acheke ili tusimtazame mwingine. Uwe wa mwisho kwenye zamu, na bahasha zako zijibu swali tofauti: "hapa ametudanganyaje?" Siku ya kikao utakuwa hakimu.

Kiroboto: nani muuaji sasa

Jibu: Hatua ya 6.

Jalada Gumu: Riwaya za Bwana Msa nazo zinaingia humu?

Jibu: Hapana, zile ni za upelelezi. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, iliyotoka 1960, yupo Bwana Msa na swahibu yake Najum, nawe unatembea nyuma yao. Anayeuliza maswali ni mtu wa nje ya nyumba yenye msiba. Kwenye taharuki ya nyumbani anayeuliza analala chumba kimoja na anayemshuku. Ila kuzizungusha ni kwa hatua zilezile, na bahasha zitawafaa mno.

Sura ya Pili: Nitamjuaje msimulizi asiyeaminika kabla hajanifikisha mwisho?

Jibu: Swali zuri. Usimsikilize anavyojieleza, tazama waliomzunguka wanavyofanya. Akisema "tulizungumza kwa utulivu" na mstari unaofuata mtoto anaongeza sauti ya televisheni, mwamini mtoto. Angalia pia anachokipa sentensi nyingi na anachokipitia mbio. Na tazama kisichosemwa kabisa: katika Rebecca ya Daphne du Maurier, 1938, anayesimulia hatuambiwi jina lake mwanzo hadi mwisho. Hapo sijatoboa kitu, ila ukisoma ukijiuliza kwa nini, utasoma kitabu kingine.

Mama Wawili: Na zile za mume anayemfanya mkewe ajione amerukwa na akili, mzizi wake uko wapi?

Jibu: Wengi huitaja tamthilia ya Patrick Hamilton, Gas Light, Uingereza, mwaka huohuo wa 1938. Taa za gesi zinafifia, mke anaona, na mume anamfanya aamini anarukwa na akili.

Popo Mweusi: Ahaa! Mwalimu wa kutotoboa katoboa!

Jibu: Sijatoboa. Mtazamaji wa tamthilia ile anamtambua mume mapema kabisa, na ndipo taharuki inapotoka: sisi tunajua, mke hajui, nasi hatuwezi kumpigia kelele. Siyo kila taharuki ni ya kushtukizwa. Nyingine ni ya kungoja jambo unaloliona likija.

Sura ya Pili: Hiyo imenifungua macho. Basi kitabu cha aina hiyo hata bahasha zibadilike, badala ya "namshuku nani" tuandike "naogopa nini".

Jibu: Naichukua hiyo. Kuanzia mzunguko ujao tunaitumia.

Jalada Gumu: Nje ya mada kidogo. Kitabu cha kikundi kimemwagikiwa maji nikiwa nacho. Nifanyeje kabla sijampa wa zamu inayofuata?

Jibu: Usikianike juani, kurasa zitajikunja. Weka karatasi za kunyonya maji kila baada ya kurasa chache, uzibadilishe zikilowa, kisha kisimamishe wima kikiwa wazi mbele ya feni. Kikikauka kabisa kilaze chini ya vitabu vizito siku kadhaa. Maneno yaliyofifia usiyapitie kwa kalamu hata kama yanasomeka kwa shida: mwenzio akikuta sentensi moja tu ina wino mpya, rudi hatua ya 4.