Namna ya kuusoma uchumi wa wadi kabla ya kupeleka mtaji: mifano ya Kisumu na Nakuru

Duka la pembejeo Awasi, biashara ya samaki Dunga na vyumba vya kukodisha Maseno viko katika kaunti moja ya Kenya, Kisumu, lakini kila kimoja kinategemea mfuko wake. Anayetaka kujua kama mahali patamlipa anatafuta jibu la swali moja: pesa huingia hapa lini, na hutoka kwa nani? Lami, taa za barabarani na wingi wa watu ni mambo ya baadaye. Kazi yenyewe inahitaji daftari, mizani ndogo, nauli ya boda boda na mwezi mmoja hivi wa kwenda na kurudi.

Anza na mipaka, kwa sababu hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Kisumu ina kaunti ndogo 7 na wadi 35. Nakuru ina kaunti ndogo 11 na wadi 55. Chunguza wadi, si kaunti ndogo nzima. Chukua Muhoroni: Chemelil/Tamu inaishi kwa miwa, ilhali Ombeyi, ndani ya kaunti ndogo hiyo hiyo, ina wakulima wa mpunga. Ukichukua wastani wa hizo mbili utapata mahali ambapo hakuna mtu anayeishi.

Kisha jihadhari na majina. Eneo bunge ni la mbunge, kaunti ndogo ya serikali ya kaunti ina msimamizi wake, na ile ya serikali kuu iko chini ya naibu kamishna wa kaunti. Mara nyingi zote huitwa jina moja, lakini si kila mara. Ukitafuta Bahati, ambalo ni eneo bunge la Nakuru, katika sensa ya 2019 huioni kwenye orodha ya kaunti ndogo za Nakuru. Imeandikwa Nakuru North. Isitoshe, sensa huhesabu kwa lokesheni na sablokesheni, si kwa wadi. Nenda kwa chifu umuulize sablokesheni zipi ziko ndani ya wadi yako, ndipo ujumlishe. Sablokesheni iliyokatwa na mpaka wa wadi iandike kando, usiihesabu mara mbili.

Karatasi za kusoma ni chache. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa 2023–2027 unaonyesha miradi iliyoahidiwa kila wadi. Mpango wa mwaka, ambao kisheria hufikishwa bunge la kaunti si baada ya Septemba 1, unaonyesha ni ipi kati ya hiyo imekumbukwa. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zinaonyesha pesa iliyotumika kweli. Sheria ya Fedha ya kaunti ndiyo yenye ada ya kibali cha biashara na ushuru wa soko. Soma ya mwaka huu, maana ya mwaka jana inaweza kuwa imebadilishwa. Takwimu za pato la kaunti zinazotolewa na shirika la takwimu, KNBS, huishia ngazi ya kaunti. Ukiona mahali pameandikwa pato la wadi ya Kobura kwa shilingi, jua kuna mtu aliyechukua la kaunti akaligawa kwa idadi ya watu.

Sasa kalenda ya pesa, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Chora miezi 12 kwa upana wa ukurasa. Kwa kila chanzo cha kipato, weka alama mwezi wa kazi na mwezi wa malipo. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo muda ambao wateja watakuomba mkopo.

Miwa huchukua kati ya miezi 14 na 18 shambani, kwa hiyo mwaka mmoja wa kalenda hautoshi, chora miwili. Usiweke alama ya malipo siku ya kuvuna. Waulize wakulima watatu au wanne tarehe ambayo trekta ilibeba miwa yao ya mwisho na tarehe pesa ilipoingia. Serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari vya umma kwa kampuni binafsi mwaka 2025, Chemelil na Muhoroni vikiwemo, kwa hiyo kumbukumbu za malipo za kabla ya hapo zisikuongoze sana. Ukiwa Miwani, kumbuka kwamba kiwanda cha hapo kimekaa kimya kwa zaidi ya miaka 20 na miwa ya eneo hilo husagwa kwingine. Gharama ya usafiri hula sehemu ya kipato.

Mpunga wa Nyando una fumbo lake. Mradi wa umwagiliaji wa Ahero huvuta maji ya Mto Nyando kwa pampu, na West Kano huvuta ya ziwa. Mwea, mradi mwingine wa mpunga ulio Kirinyaga, maji huteremka yenyewe. Huku Kano, bili ya stima ikikwama, maji hukwama, na msimu husogea. Kwa sababu hiyo usinakili kalenda ya kilimo kutoka kitabuni. Waulize viongozi wa wakulima kitalu kilipandwa lini msimu huu na msimu uliopita, na kama pampu zilisimama. Uliza pia mafuriko yalifika wapi, hasa Kabonyo/Kanyagwal, kwani mto ukivunja kingo, mavuno na duka vyote huenda na maji.

Samaki hufuata mwezi. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi mpevu huzifanya taa zisivute samaki, kwa hiyo pesa ya ufukweni hupanda usiku wa giza na kushuka mbalamwezi. Mtu aliyefanya utafiti wake wiki moja tu ya mbalamwezi ataandika kwamba ufuo umekufa. Kamati ya BMU, yaani kikundi kinachosimamia ufuo, huwa na daftari la samaki walioshushwa. Omba kuona angalau miezi mitatu mfululizo. Andika pia siku za gugumaji: upepo ukilisukuma upande wa Dunga, mashua hazitoki, ingawa samaki wapo. Na mvua ikinyesha omena ikiwa imeanikwa, huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Maseno na Njoro zina kalenda ya chuo kikuu. Hesabu wateja muhula ukiwa umeanza, kisha hesabu tena wakati wa likizo. Biashara inayobaki hai likizoni ndiyo ya wenyeji.

Baada ya kalenda, zungukia mawakala wa M-Pesa. Hawa wanajua zaidi ya ofisi yoyote, na hawahitaji kukuambia siri ya mteja. Uliza hivi: siku zipi unaishiwa pesa taslimu, na siku zipi unaishiwa floti, yaani salio la simu la wakala? Taslimu ikiisha, watu wanatoa, maana yake pesa imefika kutoka nje: mshahara, malipo ya mazao, mtoto aliyeko Nairobi. Floti ikiisha, watu wanaweka, maana yake kuna mauzo ya taslimu yanayotumwa kwingine, kwa kawaida kulipa muuzaji wa jumla au karo. Wadi ambayo taslimu huisha mwisho wa mwezi tu ni ya mishahara na misaada ya jamaa. Ile ambayo floti huisha kila siku ya soko ina biashara yake yenyewe. Waulize wasiopungua watano, na wawe wa vituo tofauti, kwa sababu wakala aliye karibu na shule atakupa picha ya karo peke yake.

Sokoni nenda mara mbili: siku ya soko na siku ya kawaida. Kibuye ya Jumapili si Kibuye ya Jumanne. Fika saa kumi na mbili asubuhi uhesabu magari yanayoshusha mizigo na uulize yametoka wapi. Rudi alasiri uone yanayoondoka yamebeba nini. Bei iandike kwa kipimo kilichopimwa. Gorogoro, ule mkebe wa kupimia, ya mahindi ni karibu kilo 2, ya omena kavu ni nyepesi mno kuliko hiyo, na kuna gorogoro zilizobonyezwa kitako. Nunua moja, ipime kwenye mizani yako, ndipo ulinganishe masoko.

Masoko ya mpakani yashughulikie peke yake. Sondu hukutanisha Nyakach na upande wa Kericho, na watu wa Maseno huvuka kwenda Luanda, kaunti ya Vihiga. Ukihesabu wakazi wa wadi tu, Sondu utaipunja na Maseno utaipaka mafuta.

Kuna fomu za kuelezea uchumi wa serikali za mitaa zinazozunguka mtandaoni, nyingine zimeandikwa kwa ajili ya majimbo ya Wayoruba huko Nigeria. Zisome, ila usizijaze zilivyo. Jimbo la Ogun lina serikali za mitaa 20, na kila moja ni serikali yenye mwenyekiti, madiwani na mgao kutoka mfuko wa shirikisho; Julai 2024 Mahakama ya Juu ya Nigeria iliamua mgao huo ulipwe kwao moja kwa moja. Kaunti ndogo ya Kenya haina mgao wa namna hiyo, kwa hiyo safu ya "mapato ya halmashauri" huku haina cha kuandikwa. Safu ya soko nayo ni mtego: masoko mengi ya kijadi ya Wayoruba hufuata mzunguko wa siku nne, si wiki ya siku saba. Swali la pesa inatoka wapi, hata hivyo, linafaa kule pia: Ado-Odo/Ota ina viwanda na iko jirani na Lagos, ilhali Imeko-Afon, mpakani mwa Benin, ni ya mashamba.

Mwisho andika ukurasa mmoja: vyanzo vitatu vikubwa vya pesa, miezi yake ya malipo, miezi mikavu, na mahali pesa inapotorokea. Kila tarakimu iwe na tarehe na jina la kazi ya aliyekupa (chifu, wakala, katibu wa BMU). Mtaji wa bidhaa upeleke wiki mbili kabla ya mwezi wa malipo, na wakati wa miezi mikavu uza vipimo vidogo: sukari robo, mafuta ya kupima, mbolea kwa kilo badala ya gunia.